Garth Pilbeam na Pistoni za Trekta

Garth Pilbeam alizaliwa mdomo ukitangulia, na tangu siku ile sehemu nyingine za mwili wake zinaufuata kwa nyuma zikihema. Nasema hivi bila kumwonea. Nimekereza injini hapa Wirrabel, mji wetu mdogo wa Australia, miaka thelathini na minne, kwanza na marehemu mume wangu, kisha peke yangu, na kila mwanamume wa mji huu mwenye gari bovu ameshapita mlangoni kwangu akijitetea. Wapo wajinga wanaojua kwamba hawajui. Hao nawapenda, na chai nawapikia. Garth si wa kundi hilo.

Kazi yake ni kuuza mipira ya maji na dawa za mizabibu katika duka la wakulima. Ukienda kununua mpira wa nusu inchi unarudi na hotuba. Aliwahi kumfundisha daktari wa mifugo jinsi ya kuzalisha ng'ombe, na daktari mwenyewe mkono umo ndani ya ng'ombe mpaka begani, hana pa kukimbilia. Mwaka aliponunua mashua aliipaka rangi ya dhahabu, akaiandika jina ubavuni, akaalika baa nzima ije kuitazama ikiingia mtoni. Akaisukuma majini bila kuziba lile tundu la chini la kutolea maji. Ikazama ikiwa bado imefungwa kwenye trela, na trela imefungwa kwenye gari. Jioni ile ile alikuwa kaunta akieleza kwamba mto Murray una mikondo ambayo watu wa kawaida hawaijui.

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili letu lilikuwa na koti la ngozi lenye jina lake mgongoni.

Cha kuudhi ni kwamba alikuwa mtoto wa Clarrie. Clarrie Pilbeam alilima machungwa ng'ambo ya reli, na maneno aliyosema kwa wiki ungeweza kuyaandika kwenye kiganja. Pasaka ilipofika alitoa bandani mwake gari jeupe lenye namba ishirini na saba, akaenda kwenye uwanja wetu wa mbio za udongo, akazunguka na wenzake, akamaliza wa pili. Mara tisa alimaliza wa pili. Mbele yake kila mwaka alikuwa mtu mwingine, na kila mmoja wa watu hao alishaua injini moja, mbili, tatu. Clarrie alikuwa na injini moja tu maisha yake yote. Silinda sita zilizopangwa mstari, chuma kitupu, nzito kama dhambi. Aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, ndiyo maana moyo wake ulisimama katikati ya michungwa akiwa na miaka sitini na nane, na injini ikabaki nzima.

Miezi mitatu kabla hajafa aliniletea bloku, kile kipande kikubwa cha chuma chenye silinda zote, niitanue. Silinda zikichakaa unazikereza ziwe pana zaidi kidogo, unaweka pistoni nene zaidi kidogo, maisha yanaendelea. Lakini kila ukitanua ukuta unapungua, na hii ilishatanuliwa kila kipimo kilichopo.

"Ndiyo mwisho wake, Nol?" aliniuliza.

"Ndiyo mwisho. Ukichuna tena utaona mto upande wa pili."

Akacheka. Nilimfahamu miaka thelathini, na hiyo ilikuwa mara ya pili kumwona akicheka. "Pistoni ninazo," akasema, akapakia bloku yake, akaenda. Sikumwona tena mpaka kanisani.

Klabu ya uwanja wetu ikaamua mbio kubwa ya Pasaka iitwe Kombe la Clarrie Pilbeam. Garth akasimama mkutanoni, akatangaza kwamba mwaka wa kwanza wa kombe atalikimbia yeye, kwa gari la baba yake na injini ya baba yake. Nitakuwa mkweli, nilimsifu kimoyomoyo. Nilimsifu kwa muda wa dakika mbili hivi. Kisha akaanza kueleza atakavyoiboresha.

Injini ni kitu rahisi kwa mtu anayenyamaza na kukitazama. Pistoni ikishuka, silinda inajaa hewa na petroli. Ikipanda, vyote vinabanwa kwenye kachumba kadogo kaliko juu, ndani ya hedi, kile kifuniko cha chuma kinachofungwa juu ya bloku. Ukivibana mara kumi, una nguvu nzuri na injini ina adabu. Ukivibana mara kumi na mbili kwa petroli ya kawaida ya pampu, petroli haingoji amri, inalipuka yenyewe, na pistoni inapigwa nyundo ya kichwa ikiwa bado inapanda. Ndiyo maana kanuni ya uwanja wetu ni kumi, na petroli ya pampu tu. Panos Kalaitzis, mwenyekiti wa klabu, mzee wa Kigiriki mwenye mizabibu na uso wa hakimu, anapima mwenyewe.

Sasa, hedi nayo hupinda. Nchi yetu hii ya joto la arobaini, ukipiga mizunguko ishirini kwenye vumbi, maji yanachemka na hedi inapinda, lazima uichonge uso wake unyooke. Ukiichonga, vile vyumba vinakuwa vifupi. Vikiwa vifupi, mgandamizo unapanda. Hapa kwetu tuna desturi, na sijui nani aliianzisha: kila hedi ikichongwa, fundi anapiga nukta moja kwa nyundo na ncha ya chuma, ubavuni upande wa mbele. Nukta moja ni nusu milimita iliyoondoka. Mwenye hedi anaweza kufa, karatasi zinaweza kuungua, nukta zinabaki. Unahesabu, unajua ni nafasi kiasi gani imepotea, kisha unairudisha kwa kununua pistoni iliyochimbwa bakuli juu ya kichwa chake. Nafasi iliyopotea kwenye hedi unaikuta kwenye bakuli. Hesabu ya mtoto wa darasa la tano.

Mwezi wa pili Garth akaja karakanani kwangu na hedi ya baba yake ndani ya blanketi, ameibeba kama kitoto kichanga. Akaifunua. Ilikuwa nyekundu, nyekundu ya lipstiki, inang'aa mpaka nikaona miwani yangu.

"Sema kitu, Nol," akasema.

"Umeifanya nini?"

"Nimeipa heshima. Kabla ya mbio kuna maonyesho ya magari, si unajua. Watu watafungua boneti. Unataka waone kutu ya mzee?"

Nikapitisha kidole ubavuni, upande wa mbele. Laini. "Nukta ziko wapi?"

"Nukta zipi?"

"Zilizokuwa hapa."

"Aa, yale makovu ya ndui! Nimeyaziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka koti tatu. Pitisha tena. Shavu la mtoto, eti?"

"Zilikuwa ngapi?"

"Sasa mama, nani anahesabu makovu?"

Nikavuta pumzi. Niliwahi kuichonga mimi mara mbili, hilo nililijua. Lakini Clarrie alikuwa na fundi mwingine miaka ya nyuma, kabla hatujafungua karakana, na yule naye alikuwa na nyundo yake. Nikamwambia Garth aiache hedi mpaka keshokutwa. Nitaigeuza tumbo juu, nifunike kila chumba kwa kipande cha kioo chenye tundu, nijaze mafuta ya taa kwa bomba la sindano, nihesabu yameingia mangapi. Hapo nitajua bakuli liwe kubwa kiasi gani, naye atajua anunue pistoni zipi.

"Nimeshanunua," akasema, akapiga sanduku juu ya meza yangu. "Soma hapo. Kumi kwa moja. Imeandikwa."

Ndani kulikuwa na pistoni sita za kichwa bapa, mpya, nzuri, za kipimo kile kile cha mwisho. Bapa kama sahani iliyogeuzwa.

"Ni kumi kwa moja kwa hedi iliyotoka kiwandani leo asubuhi," nikamwambia. "Sanduku halijawahi kuiona hedi ya baba yako. Hedi hii imechongwa, bwana mdogo. Ukiweka bapa utapita kumi, utapita na kumi na moja. Unataka zenye bakuli."

Hapo akacheka. Alicheka na mabega, vile anavyocheka kaunta ili walio mbali nao wajue kuna jambo. "Bakuli! Nol, hizo ni pistoni za trekta. Za wazee. Mtu akifungua injini akakuta bakuli atasema huyu alikuwa anapika uji humu."

"Na apike. Hedi nakaa nayo siku mbili tu."

"Unimwagie mafuta ya taa kwenye vyumba nilivyosugua wiki mbili kwa mkono wangu? Utaacha madoa."

"Ni chuma, Garth. Kitaoshwa."

"Wewe unaogopa tu. Mmezoea kuogopa."

"Baba yako..." nikaanza. Nilitaka kumuuliza kitu. Clarrie aliniambia pistoni anazo, na Clarrie hakuwa mtu wa kusema maneno mawili bila kazi. Swali lilikuwa ulimini kabisa: ziko wapi?

"Baba alikuwa mwoga wa injini yake mwenyewe," Garth akanikata. "Aliendesha kama anapeleka mayai sokoni. Ndiyo maana hakuwahi kushinda Pasaka hata moja. Usiniambie habari za baba."

Nikamtazama. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na puti ya rangi ya pinki bado iko chini ya kucha zake, anamwita mwoga mtu aliyemaliza mbio zote alizoanza. Nikameza swali langu. Nikasema moyoni, nenda. Nenda ukapike uji wako mwenyewe.

"Basi mkono wangu haumo," nikamwambia. "Chukua mtoto wako."

Akaifunga blanketi lake akaondoka, na mimi nikafurahi. Nataka hili lieleweke, maana watu wananisifu siku hizi kwamba nilimwonya. Nilimwonya, ndiyo. Kisha nikafurahi.

Aliiunga injini mwenyewe bandani kwa baba yake, akisaidiwa na kreti tatu za bia. Bloku ilikuwa ile ile niliyomtanulia Clarrie, hapakuwa na nyingine, na isingewezekana kuitanua tena hata kwa unene wa unywele. Mji mzima ulijua hivyo. Ikiparuzwa, imekwisha, na kitu pekee cha Clarrie kilichokuwa bado kinatembea juu ya ardhi kimekwisha nacho. Garth mwenyewe alilisema hilo baani kila usiku, mkono juu ya kifua, akaongeza kwamba kwa sababu hiyo hakumwamini fundi yeyote aiguse.

Wiki moja kabla ya Pasaka akaiwasha kwenye uwanja wa kuegesha magari wa hoteli. Wanywaji wakatoka na glasi zao. Nami nilikuwepo, nilikwenda kula samaki wa Ijumaa. Injini ikanguruma, na sitadanganya, ilikuwa sauti kali, kavu, ya kupendeza kwa mtu asiyejua. Watu wakapiga makofi. Garth akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu mpaka akanipata.

"Unasikia uji huo, Nol?"

"Nasikia," nikasema. "Unatokota."

Wakacheka wote, wakampigapiga mgongo, nami nikarudi kwa samaki wangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, nilijiambia, na nikaongeza siki.

Jumamosi ya Pasaka kulikuwa na joto kama Januari imesahau kuondoka. Lori la maji lilizunguka uwanja mara tatu na udongo ukabaki mwekundu na mkavu. Akina mama wa klabu walikaanga soseji na vitunguu, kasuku wa kijivu walijipanga kwenye uzio wakipiga kelele zaidi ya watu. Kwenye maonyesho ya asubuhi Garth alifungua boneti ile akasimama kando yake kama bwana harusi. Akapewa utepe wa bluu kwa injini iliyopendeza kuliko zote. Niliusikia moyo wangu ukisema kitu kisichofaa kuandikwa.

Panos alikuwa akipima magari matatu ya kwanza baada ya mbio, si kabla. Ndivyo tulivyofanya siku zote, kwa sababu kabla ya mbio kila mtu ana haraka.

Bendera ikashuka. Mizunguko ishirini. Garth alianza wa sita, na baada ya mizunguko minne alikuwa wa kwanza. Sikuwa nimewahi kuliona gari lile jeupe mbele. Hakuna aliyewahi. Watu wakapanda juu ya boneti za magari yao, watu wazima wakapunga kofia, na Panos, pamoja na ule uso wake wa hakimu, nikamwona anafuta macho. Kwa mizunguko mitano hivi namba ishirini na saba iliongoza mbio yenye jina la Clarrie, na mimi niliyekuwa nimeshika uzio kwa mikono miwili, pamoja na yote niliyokwisha kusema, nilitaka ishinde.

Kisha nikaisikia. Kila alipokanyaga petroli akitoka kwenye kona, chini ya ule mngurumo kulikuwa na mlio mwingine, kokoto ndani ya mkebe. Krr, krr. Mtu yeyote wa kazi yetu anaujua mlio ule: petroli inalipuka kabla ya amri. Nikapiga kelele, "Achia! Achia mguu!" kana kwamba angenisikia. Hata angenisikia asingeachia.

Mzunguko wa kumi moshi wa bluu. Wa kumi na moja, mbele kabisa ya jukwaa, mlio mmoja kama mlango wa chuma kufungwa kwa teke, na mafuta yakamwagika juu ya udongo, meusi, mstari mrefu. Gari likajiendea lenyewe mpaka kwenye nyasi likasimama. Wengine wakapita.

Nilikwenda sehemu ya mafundi bila kuitwa. Gari lilikuwa limeshakokotwa huko na boneti imeondolewa. Ubavu wa bloku ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na mkono wa pistoni umechungulia nje. Hakuna haja ya kuwa fundi kujua hiyo ni maiti. Joto lilikuwa limeichemsha ile rangi nyekundu mpaka ikavimba na kubanduka vipande vipande, na ubavuni mwa hedi, upande wa mbele, puti ilikuwa imeruka yote. Makovu yalikuwa yamerudi, meusi, safi, yamejipanga.

Garth alisimama na kofia ngumu ya mbio ya baba yake mkononi. Kofia ile ya zamani hakuipaka rangi. Hata jasho la Clarrie kwenye utando wa ndani hakulifua, nililiona hilo siku ile kwa mara ya kwanza.

"Nne," nikasema, nikionyesha.

Akaitazama ile kofia, si hedi. 

Ingefaa nimwache hapo, lakini saa kumi na moja ilikuwa ni kutoa zawadi, na zawadi alizitengeneza yeye. Alikuwa amejitolea tangu mwezi wa kwanza, akazifunika kitambaa hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Nilidhani asingetokea. Akatokea, na suti ya mbio yenye mafuta mpaka magotini, akapanda kwenye trela la lori pale mbele ya kantini, akavuta kitambaa.

Vikombe vyetu siku zote ni pistoni kuukuu zilizogongomewa juu ya ubao, kila uwanja wa mbio nchi hii unafanya hivyo. Lakini Garth hawezi kufanya kitu kama wengine. Zilikuwa pistoni sita zilizopakwa kromu, kila moja imening'inizwa kwa pini yake kati ya vijiti viwili vya mkaratusi mwekundu, ukiigusa inabembea. Zote zilikuwa na bakuli kichwani. Bila shaka, niliwaza, za trekta, za kufaa kuwekea karanga.

Akatoa tano. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, dereva mwenye adabu, na akina mama wa kantini. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mshindi, kijana wa bonde la juu ambaye jina lake sikulishika, alishamimina bia ndani ya bakuli la pistoni yake na anainywa.

"Hii ya sita si ya dereva," Garth akasema. "Baba hakuwa na maneno mengi, mnajua. Lakini aliwahi kuniambia kuna mkono mmoja tu katika mji huu anaouamini kwenye injini yake. Nilitaka mwenye mkono huo apewe kitu siku ya leo. Nol, panda."

Watu wakapiga makofi. Nikapanda nikiwa nimeandaa sentensi, na ilikuwa sentensi nzuri, kali, ingekumbukwa baani miaka kumi. Akanipa. Ilikuwa nzito, na ilipotua kiganjani mwangu vidole vyangu vikajua upana wake kabla kichwa changu hakijajua. Nimeshika kipimo kile maelfu ya mara. Hakuna trekta lenye kipimo kile; ni kipimo cha mwisho cha bloku ya Clarrie.

Nikaigeuza. Ndani, chini ya kichwa, mahali ambapo kromu haikufika, mtu alikuwa amepiga nukta kwa nyundo na ncha ya chuma. Nukta nne, zimepangwa vizuri.

"Hizi umezitoa wapi?" nikauliza, taratibu, maana watu walikuwa wanatutazama.

"Bandani kwa baba, chini ya meza ya kazi. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi ya nta, mpya kabisa. Sita. Niliona ni za trekta, nikasema angalau zifanye kazi ya maana." Akanitazama. "Kwani hujaipenda?"

Nikamshika dole gumba, nikaliingiza ndani ya pistoni, nikaliweka juu ya chuma.

"Hesabu," nikamwambia.

Nililiona dole likitembea. Moja. Mbili. Midomo yake ilikuwa inatamka bila sauti. Kwenye ya nne dole lilisimama, na uso wake ukawa uso wa baba yake, ule ule, ambao miaka yote niliyomjua sikuwahi kuuona pale hata kwa bahati mbaya. Akageuza kichwa, akazitazama zile tano kwenye mikono ya watu. Yule kijana alikuwa anaramba povu.

"Ulijua alikuwa nazo?" akaniuliza.

"Aliniambia anazo. Siku aliyochukua bloku."

 Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo, kwa sababu hasira za wanaume ninazijua pa kuziweka.

"Sasa mbona hukuniuliza?" akasema.

Mwanamume yeyote aliyesimama mbele yangu kwa miaka thelathini na minne ameondoka na jibu lake. Hata hili nilikuwa nalo, tena fupi: kwa sababu nilitaka kukuona ukiumbuka. Nikafungua mdomo, na watu waliokuwa chini wakatulia wasikie Nol atasema nini. Nikaufunga. Ile pistoni iko dirishani karakanani kwangu, na Garth akipita barabarani huwa haingii.